BUNDUKI NA KAULI YA RAIA: FUNZO LA JAPANI

Liko neno moja katika lugha ya Kijapani ambalo kila atakaye kuielewa siasa ya nchi hiyo tangu mwaka 1945 hana budi kulifahamu. Neno hilo ni bunmin tosei. Maana yake kwa ufupi ni kwamba jeshi liko chini ya raia: raia ndio waamuao juu ya vita na amani, raia ndio watoao fedha na kuzizuia, na askari, awe na nyota ngapi begani, kazi yake ni kutii amri ya serikali iliyowekwa na umma.

Tunaliandikia leo neno hili kwa kuwa Japani imeingia katika njia ya kujiongezea silaha kwa kiasi ambacho haikupata kukifikia tangu iliposhindwa vitani. Desemba 2022 serikali ya Tokyo iliamua kutumia kiasi cha yeni trilioni 43 kwa ulinzi katika muda wa miaka 5, na kuyafikisha matumizi hayo asilimia 2 ya pato la taifa ifikapo mwaka 2027. Iliamua pia kuwa na makombora ya masafa marefu yawezayo kuipiga ardhi ya adui. Machi 2025 ikaanzishwa kamandi moja ya kuongoza kwa pamoja majeshi ya nchi kavu, ya majini na ya anga. Hatuko hapa kuihukumu Japani kwa kujilinda. Kila taifa lina haki hiyo. Lakini anayeongeza bunduki ghalani hana budi kuulizwa ufunguo wa ghala uko kwa nani.

Tuanze na neno lenyewe. Bun ni maandishi, elimu, mambo ya kalamu. Min ni watu, umma. Bunmin basi ni mtu wa kalamu asiyekuwa mtu wa silaha, na tosei ni udhibiti. La ajabu ni kwamba neno bunmin halikuwa likitumika kwa maana hiyo kabla ya mwaka 1946. Katika mwaka huo Katiba mpya ilikuwa ikijadiliwa Bungeni, huku nchi ikikaliwa na majeshi ya washindi. Tume ya Mashariki ya Mbali, iliyokuwa chombo cha mataifa yaliyoishinda Japani, iliona kwamba Ibara ya 9 ya kukataa vita imerekebishwa kwa namna ambayo siku moja ingeweza kuacha mwanya wa kuwa na jeshi tena. Kwa hiyo ikadai liwekwe sharti kwamba Waziri Mkuu na mawaziri wote wawe raia. Wajumbe wa Baraza la Makabaila wakatafuta neno la Kijapani la kulitimizia sharti hilo, wakalikosa. Wakapima maneno kadhaa, na mwisho wakaafikiana juu ya hili la bunmin. Hivyo ndivyo ilivyopatikana Ibara ya 66 ya Katiba iliyotangazwa tarehe 3 Novemba 1946 na kuanza kutumika tarehe 3 Mei 1947.

Nchi iliyokuwa na lugha pana, fasihi ya karne nyingi na vyuo vikuu mashuhuri haikuwa na neno la kumtaja mtu asiye askari kama mwenye haki ya kumwamrisha askari! Si kwamba Wajapani hawakujua tofauti ya kalamu na upanga. Walichokosa ni desturi ya kalamu kuuamrisha upanga, na kisichokuwa na desturi huchelewa kupata jina. Nasi tutazame neno letu. Raia tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kundi linalochungwa. Wengi wetu tuliojifunza herufi kwenye ubao wa chuoni twajua kwamba mchungaji na mchungwa, kwa asili ya maneno yale, ni shina moja. Maana imekwisha kugeuka: leo raia ni mwenye nchi. Lakini Japani yatukumbusha kwamba neno laweza kugeuka upesi, na mambo yenyewe yakachelewa kulifuata.

Ili tuone kwa nini neno hili lilitafutwa kwa bidii, yafaa turejee nyuma. Mwaka 1878 Japani iliunda Ofisi ya Mnadhimu Mkuu wa jeshi la nchi kavu iliyokuwa mbali na wizara, yenye njia yake ya kumfikia Mfalme bila kupitia serikalini. Katiba ya mwaka 1889 ikatamka katika Ibara ya 11 kwamba Mfalme ndiye Amiri Jeshi wa nchi kavu na bahari. Kwa maandishi hayo wakuu wa jeshi wakajengea hoja kwamba mambo ya amri za vita ni baina yao na Mfalme, na kwamba Bunge na Baraza la Mawaziri hawana neno ndani yake. Mfalme kwa desturi hakutoa amri kwa shauri lake peke yake. Kwa hiyo amri iliyosemwa kuwa ya Mfalme ilikuwa, kwa kweli, amri ya majenerali, na hapakuwa na wa kuwauliza.

Kufuli la pili lililovunjwa lilikuwa la uteuzi. Mwaka 1900 iliwekwa kanuni kwamba Waziri wa Jeshi la Nchi Kavu na Waziri wa Jeshi la Majini lazima wawe majenerali na maadmirali walio katika utumishi. Kanuni hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyoyaweka maisha ya kila serikali mikononi mwa jeshi. Desemba 1912 serikali ya Saionji Kinmochi ilikataa kutoa fedha za kuunda divisheni 2 mpya. Waziri wa Jeshi akajiuzulu, jeshi likakataa kutoa mwingine, na serikali ikaanguka. Mwaka 1913, baada ya ghadhabu ya wananchi, kanuni ililegezwa ili hata majenerali wastaafu waweze kuteuliwa. Lakini mwaka 1936 ikarudishwa kama ilivyokuwa. Mwaka 1937 Jenerali Ugaki Kazushige, ambaye jeshi halikumpenda kwa kuwa aliwahi kupunguza divisheni, aliagizwa na Mfalme kuunda serikali akashindwa, maana hakupewa waziri. Mwaka 1940 serikali ya Yonai Mitsumasa ikaangushwa kwa njia ile ile. Ugaki alikuwa jenerali na Yonai alikuwa admirali. Jeshi lililozoea kuangusha raia halikuona taabu kuangusha wakubwa wake wenyewe.

Kufuli la tatu lilikuwa la fedha. Tarehe 18 Septemba 1931 maofisa wa Kikosi cha Kwantung, jeshi la Kijapani lililokuwa Manchuria, walilipua kipande cha reli karibu na mji wa Mukden, wakawasingizia Wachina, na kwa kisingizio hicho wakaanza kuiteka nchi. Serikali ya Tokyo ikatangaza kwamba haitaki mapigano yapanuke. Siku chache baadaye Jenerali Hayashi Senjuro, kamanda wa jeshi lililokuwa Korea, akavusha askari wake mpaka bila ya amri ya Mfalme. Hilo kwa sheria zao wenyewe lilikuwa kosa kubwa. Baraza la Mawaziri lilifanya nini? Lilikaa likasema kwamba maadamu askari wamekwisha kuvuka, basi zitolewe fedha za kuwagharimia! Hayashi hakuadhibiwa, na mwaka 1937 akawa Waziri Mkuu wa Japani. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Serikali iliyoogopa kuwatia adabu maofisa wachache ikaja kulia na taifa zima.

Baada ya hapo wenye kusema hapana walipungua, kwa kuwa walikuwa wakiuawa. Waziri Mkuu Hamaguchi Osachi, ambaye serikali yake ilitia sahihi Mkataba wa London wa mwaka 1930 wa kupunguza manowari, alipigwa risasi katika stesheni ya Tokyo mwezi Novemba mwaka ule ule, na mwaka 1931 akafariki. Tarehe 15 Mei 1932 maofisa vijana wa jeshi la majini walimwua Waziri Mkuu Inukai Tsuyoshi nyumbani kwake. Mahakamani wakapewa vifungo tu, na watu wengi wakapeleka maombi ya kuwataka wahurumiwe. Tarehe 26 Februari 1936 askari wapatao 1,400 waliingia katika mitaa ya Tokyo na kuwaua viongozi kadhaa, miongoni mwao Waziri wa Fedha Takahashi Korekiyo. Kosa la mzee huyo lilikuwa kwamba alitaka bajeti ya jeshi iwe na kikomo. Safari hii wakuu wa uasi walihukumiwa kifo. Lakini faida ya uasi ililiendea jeshi lile lile, kwa kuwa hofu iliyobaki ilikuwa bora kwake kuliko ushindi. Mwaka 1937 vita na China vikapanuka, na ikafunguliwa hesabu ya pekee ya fedha za vita ambayo iliichukulia vita nzima, hata idumu miaka mingapi, kuwa kama mwaka mmoja wa fedha. Bunge likabaki kupiga makofi.

Kufuli la nne ni la habari, nalo ndilo tutakalolirudia. Mpango wa vita ulikuwa siri ya Ofisi za Wanadhimu, na serikali ilielezwa kile ilichotakiwa kuelezwa. Hali hiyo ilifikia kiasi kwamba hata Tojo Hideki, jenerali aliyekuwa Waziri Mkuu na Waziri wa Jeshi kwa pamoja tangu Oktoba 1941, aliona Februari 1944 kwamba hana budi kujitwalia na cheo cha Mnadhimu Mkuu wa nchi kavu ili apate kuishika vita aliyoianzisha. Mwisho wa mambo unajulikana. Hiroshima iliangamizwa tarehe 6 Agosti 1945 na Nagasaki tarehe 9. Japani peke yake ilipoteza watu wapatao milioni 3.1, wakati China na nchi nyingine za Asia zilizovamiwa zilipoteza mamilioni mengi zaidi.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo wengi wasifuo utawala wa raia hulipita. Haitoshi kwamba kiongozi asivae magwanda. Konoe Fumimaro, aliyekuwa Waziri Mkuu vita vya China vilipopanuka mwaka 1937, alikuwa raia. Januari 1938 Ofisi ya Mnadhimu Mkuu yenyewe, kwa kuhofia vita virefu, ilitaka mazungumzo ya amani yaendelee. Ni serikali iliyoshikilia yavunjwe, na Konoe akatangaza kwamba Japani haitashughulika tena na serikali ya Chiang Kai-shek. Matsuoka Yosuke, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje Japani ilipofungamana na Ujerumani ya Hitler na Italia ya Mussolini mwaka 1940, alikuwa raia pia. Wala sisi wa magazeti hatuna pa kujificha: magazeti makubwa ya Japani yaliishangilia vita ya Manchuria na kuiuza kwa umma kama sherehe. Udhibiti wa raia, kwa hiyo, hauwi dawa kwa sababu ya suti na tai. Huwa dawa pale tu mwenye kuamua anapowajibika mbele ya watu, na watu wanapoelezwa ukweli.

Baada ya vita makufuli yakarudishwa moja moja. Kwa muda jeshi lenyewe halikuwapo. Mwaka 1947 sharti la mawaziri kuwa raia lilikuwa kama kuweka mlango penye nyumba isiyojengwa. Lakini vita vya Korea vilipoanza Juni 1950, Wamarekani wale wale waliosimamia Katiba ya amani waliagiza Japani iunde kikosi cha polisi wa akiba cha watu 75,000. Beberu akiwa na haja hasahau tu ahadi za wengine, husahau hata zile alizowaandikisha mwenyewe. Kikosi hicho kikakua, na tarehe 1 Julai 1954 yakazaliwa Majeshi ya Kujihami. Sheria ikamweka Waziri Mkuu, kwa niaba ya Baraza la Mawaziri, kuwa mwenye amri ya juu. Ikataka idhini ya Bunge ili majeshi yaitwe kuilinda nchi. Na bajeti ikawa ya kupitishwa kila mwaka. Mwaka 1976 serikali ya Miki Takeo ikaongeza kikomo kwamba matumizi ya ulinzi yasizidi asilimia 1 ya pato la taifa, na kikomo hicho kikadumu mpaka mwaka 1987.

Si haki kusema kwamba neno hili limekuwa pambo tu. Mwaka 1965 mbunge wa chama cha Kisoshalisti, Okada Haruo, alifichua Bungeni kwamba mwaka 1963 maofisa walikuwa wamefanya kwa siri uchunguzi ulioitwa Mitsuya, wa namna ya kuiendesha nchi nzima iwapo vita vingezuka tena Korea, pamoja na sheria za dharura ambazo zingepitishwa upesi. Serikali ikatikisika, na umma ukajua. Mwaka 1978 Jenerali Kurisu Hiroomi, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la wakuu wa majeshi, alisema hadharani kwamba katika shambulio la ghafla askari huenda wakalazimika kutenda nje ya sheria. Alikuwa akionyesha upungufu wa kweli katika sheria, lakini wa kuujaza upungufu huo ni Bunge, hawezi kuwa jenerali. Aliondolewa kazini mara moja. Mwaka 2008 Jenerali Tamogami Toshio, mkuu wa jeshi la anga, aliandika makala ya kukana kwamba Japani ilikuwa mchokozi katika vita; naye akaondolewa. Tukilinganisha na Hayashi wa mwaka 1931 tutaona umbali uliokwisha kutembewa.

Hata hivyo, mlango ukizibwa maji hutafuta ufa. Kwa miaka mingi udhibiti ulioitwa wa raia ulikuwa, katika kazi za kila siku, udhibiti wa makarani wakuu wa Idara ya Ulinzi, iliyopandishwa kuwa wizara kamili Januari 2007. Wajapani wanayo maneno 2 yanayokaribiana: bunmin ni raia aliyechaguliwa au kuteuliwa kisiasa, na bunkan ni mtumishi wa serikali asiye askari. Mtumishi huyo ndiye aliyekuwa akisimama kati ya jenerali na waziri, na maofisa waliovaa magwanda walilalamikia jambo hilo kwa muda mrefu. Juni 2015 sheria ya wizara ilirekebishwa, na tangu hapo wakuu wa majeshi humshauri waziri wakiwa sawa na wakurugenzi wa kiraia. Watetezi wake walisema, na si bila hoja, kwamba karani hakuchaguliwa na mtu yeyote, na kwamba mwenye kudhibiti ni waziri na Bunge. Wapinzani walijibu kwamba waziri hukaa ofisini mwaka mmoja au miwili akahamishwa. Anayejua faili ni karani. Akiondolewa katika nafasi yake, waziri hubaki peke yake mbele ya watu wenye ramani, takwimu na msimamo mmoja. Mwaka ule ule, Septemba 2015, zikapitishwa sheria za kuyaruhusu majeshi katika hali fulani kuitetea nchi rafiki iliyoshambuliwa, huku maelfu ya watu wakiandamana nje ya Bunge.

Tukija kwenye kufuli la habari, habari zenyewe zinaihusu Afrika yetu. Mwaka 1994 askari wa Japani walifika Goma, katika Zaire ya wakati ule, kuwahudumia wakimbizi kutoka Rwanda. Mwaka 2011 Japani ilifungua kituo cha kijeshi Djibouti kwa ajili ya kupambana na maharamia, kituo chake cha kwanza cha namna hiyo nje ya nchi tangu mwaka 1945. Na kuanzia mwaka 2012 mpaka Mei 2017 wahandisi wa jeshi lake la nchi kavu walikuwa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Kwa sheria ya Japani ya mwaka 1992, askari wake hawawezi kushiriki ulinzi wa amani isipokuwa pawe na makubaliano ya kusimamisha mapigano.

Julai 2016 Juba ililipuka. Watu wengi waliuawa, na majeshi ya pande 2 yakapigana mitaani. Taarifa za kila siku zilizoandikwa na kikosi cha Kijapani zililitaja jambo hilo kwa jina lake: mapigano. Lakini neno hilo lilikuwa zito Tokyo, kwa kuwa kama ni mapigano basi kikosi hakina ruhusa ya kuwapo. Mwandishi mmoja wa habari alipoziomba taarifa hizo kwa mujibu wa sheria, akajibiwa Desemba 2016 kwamba zimekwisha kutupwa. Baadaye ikadhihirika kwamba zimo katika kompyuta za makao makuu. Kisha ikadhihirika kwamba jeshi la nchi kavu lenyewe lilikuwa nazo muda wote. Waziri wa Ulinzi, Inada Tomomi, alikuwa ameliambia Bunge kwamba haifai kulitumia neno mapigano kwa kuwa lingeleta tatizo kwa Ibara ya 9. Julai 2017 akajiuzulu, na pamoja naye wakaondoka katibu mkuu wa wizara na mkuu wa jeshi la nchi kavu. Aprili 2018 likazuka la pili: taarifa za kikosi kilichokuwa Irak, ambazo Bunge lilielezwa kuwa hazipo, zilikuwapo, na watu wa jeshi la nchi kavu walizigundua tangu Machi 2017 bila ya kumwarifu waziri. Mficha maradhi kifo humfichua.

Baadhi ya watu walisema haya ni mambo ya makaratasi. Sisi hatukubali. Hakuna askari aliyeasi, hakuna kifaru kilichoizunguka ikulu, wala risasi moja haikupigwa. Na bado udhibiti wa raia ulishindwa katika kiini chake. Waziri asiyejua lililo katika faili zake hawezi kuamrisha. Bunge lililopewa jibu la uongo haliwezi kuamua. Na umma unaoambiwa kwamba mapigano si mapigano hauwezi kumwajibisha yeyote. Tena tuseme wazi kwamba lawama haikuwa ya askari peke yao. Aliyeandika neno mapigano alikuwa ni askari aliyekuwapo Juba, akaandika alichokiona. Waliolikimbia neno hilo walikuwa Tokyo, na miongoni mwao walikuwamo raia. Ukweli ulipatikana kwa askari wa kawaida aliyeshika kalamu, na ukapotea kwa wenye kalamu za vyeo. Nao waliolala usiku wa Julai ile wakisikia mizinga, wananchi wa Juba, hawakuhitaji taarifa ya mtu kujua walikuwa katika nini.

Kwa sababu hiyo tunaona kwamba swali la Japani ya leo halimo katika Ibara ya 66. Hakuna dalili kwamba majenerali wa Tokyo wanataka kuangusha serikali, na tusiwasingizie. Swali ni kama makufuli mengine yatastahimili uzito mpya. Sheria ya siri za taifa iliyopitishwa Desemba 2013 imezidisha mambo ambayo mbunge wa kawaida hawezi kuyaona. Makombora ya masafa marefu yanataka maamuzi ya dakika chache, na dakika chache hazitoshi kuita Bunge. Kamandi mpya ya pamoja itafanya kazi kwa ukaribu sana na majeshi ya Marekani yaliyomo nchini humo, na hapo huzaliwa swali ambalo wazee wa mwaka 1946 hawakuweza kulitamka, kwa kuwa mkaliaji alikuwa ameketi chumba cha pili: raia mwenye kuamua ni raia wa nchi gani? Taifa ambalo jeshi lake linawatii raia wake, lakini raia wake wanafuata ramani iliyochorwa katika mji mkuu wa wengine, limeshika ufunguo mmoja tu kati ya funguo mbili.

Wako waambiao kwamba wakati umekuwa wa hatari, kwamba Korea ya Kaskazini inarusha makombora na China inaongeza manowari, na kwamba si wakati wa kuwabana watetezi wa nchi kwa maswali. Hatari hizo ni za kweli, na hakuna mwenye busara atakayezidharau. Lakini hoja hiyo si ngeni. Ndiyo iliyotolewa mwaka 1931, na mwaka 1937, na mwaka 1941. Kila mara ilielezwa kwamba hatari ni kubwa mno kwa maswali, na kila mara kunyamaza kwa maswali ndiko kulikoizidisha hatari. Jeshi linaloulizwa halidhoofiki kwa kuulizwa. Huepushwa na kupelekwa mahali ambapo hakuna aliyepata kufikiri litatokaje.

Wasomaji wetu katika eneo hili la Afrika, ambalo limekwisha kuonja utawala wa mtutu pale Uganda ilipoangukia mikononi mwa Idi Amin tarehe 25 Januari 1971, hawahitaji kufundishwa ubaya wa askari kujitwalia dola. Ambalo Japani inatuongezea ni somo la pili, lenye kelele ndogo zaidi. Inatufundisha kwamba dola laweza kutwaliwa polepole: kwa kanuni moja ya uteuzi, kwa fedha inayotolewa baada ya jambo kutendeka, kwa amri isiyoulizwa, na kwa karatasi inayosemwa kuwa imetupwa. Aliyengoja kuona vifaru ndipo ajue kwamba kauli imekwisha kumtoka, amengoja kitu ambacho huenda kisije kabisa.

Wazalendo wa Japani waliobuni neno bunmin walilibuni kwa sharti la mgeni, katika nchi iliyounguzwa. Waliolipa neno hilo maisha ni wengine: mbunge aliyesimama mwaka 1965, mwandishi aliyeomba karatasi mwaka 2016, na wananchi waliosimama nje ya Bunge mwaka 2015. Neno lao ni la watu wa kalamu. Basi na iwe hivyo kwa vitendo: kila yeni itakayoongezwa katika ghala la silaha iongezewe swali Bungeni, na kila kikosi kitakachotumwa nje kifuatwe na taarifa iliyo wazi, iwe kimetumwa katika bahari ya Asia au katika ardhi ya Afrika. Watu wa Juba walikuwa na haki ya kutajwa kwa ukweli katika karatasi za wageni waliofika kuwalinda. Na watu wa Tokyo walikuwa na haki ya kuzisoma.